Mama Aliyerudi Mdogo Kuliko Bintiye

Saluni ya Anti Roketi ina viti vitatu, kioo kirefu chenye ufa kwenye kona, draya mbili ambazo moja inapuliza na nyingine inanguruma tu, na pazia linalotenganisha sehemu ya kuoshea nywele na sehemu ya kusengenyea. Mtaani hawamwiti Roketi kwa sababu ana haraka. Haraka hana. Ukienda kwake kusuka rasta zile ndogondogo, nyumbani uage vizuri. Wanamwita Roketi kwa sababu ya ile hadithi yake.

Na hadithi yenyewe ilianza kwa sababu ya makalio. Si unajua kusuka kunachukua muda. Mteja anakaa mpaka makalio yanakufa ganzi, shingo inakauka, anaanza kuguna, anaanza kujigeuza, na mteja akijigeuza mstari unapinda. Wasusi wengine huwasha redio. Wengine huleta umbea. Roketi alijaribu umbea ukamtokea puani, maana siku moja alimchambua mwanamke wa watu kuanzia visigino mpaka kope, kumbe mwenyewe yuko palepale chini ya draya, amejifunika taulo usoni. Baada ya hapo akasema basi, kuanzia leo nitawasema watu ambao hata duniani hawapo, tuone nani atakuja kunikaba. Ndipo akamrusha Nahodha angani.

Nahodha ni mwanamke. Hilo Roketi hakulifikiria hata kidogo, lilikuja tu, kama mkono unavyokwenda wenyewe kwenye chanuo. Ni mama wa mtoto mmoja wa kike, wale watoto wa umri wa kung'oka meno ya mbele. Ametumwa kwa chombo cha angani kwenda kuiangalia nyota moja iliyoanza kupepesa vibaya, ajue kama bado inawaka au ilishakufa zamani na sisi huku tunaangalia mwanga uliochelewa njiani. Ndani ya chombo yuko peke yake na sauti. Sauti hiyo inafungua milango, inapima hewa, na Nahodha akikaa tu bila kazi inamuuliza maswali. Roketi aliipa jina Mlinzi, kwa kuwa hailali na inazungumza saa mbaya.

"Nahodha," Mlinzi anauliza, wakati huo Roketi anapaka mafuta njia ya katikati, "hiyo nyota kama imekufa lakini mwanga wake bado unawafikia watu, je, imekufa?"

Mteja mmoja aliulizwa swali hilo akiwa amesukwa nusu kichwa. Akaomba maji ya kunywa. Siku ya pili akarudi na kitambaa kichwani, si kusuka, kuuliza tu Nahodha alijibu nini.

Mambo ya mwanga na mwendo Roketi hakuyatoa kichwani mwake. Shule aliiacha mapema, na fizikia anayokumbuka ni ile ya kurushiwa chaki. Alikuwa anayapata kwa Mwalimu. Huyu ni mwalimu wa kike wa sekondari, mwembamba, nywele ngumu za kuvunja vitana, kila akija anaketi kiti cha katikati, na yeye badala ya kusimuliwa ndiye anayesimulia. Alimweleza Roketi kwamba chombo kikizidi kuongeza mwendo bila kuacha, sakafu inakusukuma miguuni na unajisikia mzito kama uko nyumbani, kwa hiyo Nahodha hana haja ya kuelea elea kama karatasi. Roketi akafurahi sana, maana kuelea kulikuwa kunamsumbua. Alikuwa hajui mtu anayeelea anachanaje nywele.

Lakini lililomshika kabisa lilikuwa lile la saa. Siku Mwalimu analieleza, kiti cha pembeni alikaa Mama Pacha, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya barabara, mama wa wavulana wawili waliofanana mpaka makovu.

"Chukua wale wanao," Mwalimu akamwambia. "Mmoja abaki hapa, mmoja tumpakie kwenye chombo, kiende mbio karibu na mbio za mwanga."

"Yupi?"

"Yeyote."

"Si yeyote. Mkubwa ana pumu."

"Haya, mdogo. Akienda mbio kiasi hicho, saa yake inakwenda polepole kuliko yetu. Si saa ya mkononi tu, hata moyo, hata ndevu. Yeye anaona kawaida kabisa. Akirudi, anamkuta pacha wake mzee ana mkongojo, yeye bado kijana."

Mama Pacha akamgeukia Mwalimu. "Na mimi je?"

"Wewe utakuwa umeshakufa."

"Basi haendi," Mama Pacha akasema. "Mpakieni wa jirani."

Saluni ikacheka. Ila Roketi hakucheka, vidole vilikuwa vimesimama kwenye nywele za Mwalimu. Alikuwa anamfikiria yule binti wa Nahodha mwenye mapengo. Alijua pale pale kwamba atakuja kuzeeka kabla mama yake hajarudi.

Sasa, shida ya hadithi ya Roketi ilikuwa moja. Haikuwa mahali popote. Ilikuwa imegawanyika vichwani mwa watu. Huyu kasikia chombo kinaondoka, hajui kama kilifika. Yule kasikia nyota ilivyokutwa, hajui nani aliiona. Kuna binti wa duka la dawa anayejua Mlinzi alivyougua, na hiyo sehemu Roketi mwenyewe ameshaisahau. Wifi yake ndiye aliyesema hii lazima iandikwe.

Wifi ni dada wa yule mume waliyeachana naye zamani. Ndoa ilikwisha, uwifi ukabaki, tena ukanoga zaidi kwa sababu sasa wana mtu wa kumsema pamoja. Wifi anafanya kazi kwenye duka la kuchapa na kutoa kopi, mtaa wa pili. Akawa anakuja jioni baada ya kazi, anatega simu yake kati ya makopo ya mafuta, inarekodi, halafu mchana akipata nafasi anachapa. Bosi wake alikubali mashine itumike mradi kazi za wateja zisilale. Wakaenda hivyo mpaka Nahodha akageuza chombo kurudi nyumbani.

Halafu wifi akapata kazi sehemu nyingine, mbali, kazi nzuri, kazi ya kukaa kwenye kiti kinachozunguka. Anahama mwisho wa mwezi.

"Mimi nimefika pale chombo kinaiona dunia kama punje," akamwambia Roketi. "Niletee mwisho. Nikiondoka, huyo mtu anayekuja nafasi yangu hatakuchapia mambo ya nyota, atakuona umechanganyikiwa."

"Nitakuletea."

"Umesema hivyo wiki iliyopita."

"Si nipo?"

"Upo ndiyo. Mwisho ndio haupo."

Roketi akafunga kopo la mafuta. Maneno yalimchoma mahali. Kwa sababu ukimuuliza yeye mwenyewe, atakuambia hakuna kitu alichowahi kukimaliza. Shule hakumaliza. Ushonaji alijifunza mpaka kwenye kola, akaacha, mpaka leo anaweza kukushonea shati lisilo na shingo. Ndoa imeshasemwa. Kuna msingi wa nyumba mahali fulani, mbuzi wa watu wanaupanda na kushuka. Vichwa tu ndivyo anavyomaliza. Kichwa akikianza haachi, hata umeme ukikatika, hata mteja alie, anasuka mpaka ncha ya mwisho anaichovya kwenye maji ya moto, ndiyo anasema inuka. Alitaka na hiki kitabu akimalize hivyo. Alitaka siku moja awe na kitu cha kushika ambacho mwisho wake upo.

Mwisho ulikuwa umemkwama kwenye salamu.

Nahodha anashuka kwenye chombo, mwanamke wa makamo, ngozi imemkaa vizuri. Anayemsubiri ni bintiye, na binti ni bibi kizee kabisa, mvi tupu, mgongo umepinda. Wanasimama wanatazamana. Haya, nani anamwamkia nani? Roketi alikuwa akifika hapo anatafuta taulo, anaomba radhi, anakwenda kuchemsha maji.

Akafanya ujinga ambao msusi tu ndiye anaweza kuufanya. Mwalimu alipokuja asubuhi moja na kuuliza kulikoni, Roketi akamsimulia kwamba Nahodha alipiga magoti akamwambia bintiye shikamoo, kwa sababu alijua mtu wa hesabu atapenda hivyo. Mwalimu akapenda. Wiki hiyo hiyo Mama Pacha naye akakaa, akauliza, Roketi akamsimulia kwamba bibi kizee aliinama na mkongojo wake akamwambia Nahodha shikamoo mama. Mama Pacha akapangusa macho kwa taulo la saluni. Kila mmoja akatoka ameridhika, nywele zinang'aa. Roketi akajiambia nitaamua baadaye, siku hizi hawakutani, mmoja amekuwa wa asubuhi mmoja wa jioni.

Wakakutana Jumamosi. Shule zilikuwa zimefungwa na Mwalimu akaja jioni. Mama Pacha yuko kitini, kichwa kimefika nusu. Wifi kakaa kwenye benchi na simu yake, amekuja kudai.

"Mimi nimeupenda ule mwisho," Mwalimu akasema, anavua viatu. "Pale Nahodha anapopiga magoti."

"Apige magoti kwa nani?" Mama Pacha akauliza.

"Kwa bintiye. Anamwamkia."

"Nani kakuambia? Binti ndiye aliyemwamkia mama yake. Nimesikia kwa masikio yangu haya, na moja lilikuwa limeungua na draya."

"Draya ipi hiyo?" Roketi akadakia. "Ya kushoto? Nilisema ile isiguswe."

"Usituhamishe, anti," Mama Pacha akasema, na akajaribu kugeuka.

"Tulia, mstari unapinda."

"Upinde. Huyu amwamkie mtoto wake aliyemzaa? Mimi nimezaa wawili kwa mkupuo, najua nilichokiona siku ile. Aliyezaa amezaa. Hata arudi mchanga kama kifaranga, ni mama."

"Mkubwa ni aliyeishi zaidi," Mwalimu akasema. "Ndio maana ya ukubwa. Moyo wa binti umepiga mara nyingi kuliko wa mama yake. Ameona mengi, amezika watu. Nahodha ameona kuta za chombo."

"Moyo ukipiga sana ndiyo cheo? Basi mwanangu mwenye pumu ni babu yangu."

Wifi akacheka mpaka simu ikamponyoka. Halafu Mama Pacha akaelewa kilichotokea. Akamtazama Roketi kwenye kioo.

"Kwa hiyo anti unatudanganya mmoja mmoja."

"Kwani hadithi si uongo tu?" wifi akamtetea.

"Uongo ndiyo. Lakini tudanganywe sawasawa."

Mwalimu naye akaunga mkono, na hilo ndilo lililomvunja nguvu Roketi, maana wale wawili hawajawahi kukubaliana hata juu ya dirisha lifunguliwe au lifungwe. Akaendelea kusuka. Uso ulikuwa wa moto. Akataka kusema nitawaambia kesho, na akajua akisema kesho wifi atainuka ataondoka, na ndiyo itakuwa imekwisha, itakaa pale pale kwenye punje, na chombo kitaelea huko milele pamoja na shati lisilo na shingo.

"Sijui," akasema. "Ukweli ni kwamba sijui. Nilimpa kila mtu anachotaka."

Draya ilikuwa inanguruma bure.

Mlango ukasukumwa. Akaingia msichana, viatu vya michezo, anatafuna bigijii, sikio moja limezibwa na muziki, mkononi mfuko wa nywele za kusukia. Ukimwona utasema huyu amekosea mlango, anatafuta duka la simu. Roketi akainua uso, mwanamke mzima, mwili wake ule, vidole vina mafuta mpaka kwenye vifundo, akainamisha kichwa kidogo.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba, mwanangu," msichana akasema. "Hujambo?"

"Sijambo."

Mwalimu alimtazama huyu, akamtazama huyu. "Samahani. Huyu ni nani yako?"

"Mdogo wake mama, tumbo moja. Bibi yangu alizaa mpaka akachoka, huyu ndiye wa kufungia mlango. Mimi nimembeba mgongoni, nimempangusa makamasi."

"Na ulikuwa unanifinya," mama mdogo akasema.

"Ulikuwa unalia ovyo."

"Na unamwamkia kila siku?" Mwalimu akauliza.

"Nisipomwamkia ananuna. Tangu hajui kusema vizuri, alikuwa anasimama mlangoni ananingoja nimwamkie ndiyo anipishe."

"Haki yangu," mama mdogo akasema. "Mama ni mama."

Mama Pacha akampiga Mwalimu kiwiko, kwa furaha, mpaka kitana kikaanguka. Lakini Roketi hakuwa anawasikiliza. Alikuwa anamtazama mama yake mdogo. Maana yule msichana, akiisha kuipokea shikamoo yake kama mtu anayepokea chenji, aliweka mfuko chini, akavuta kiti kirefu kilichokuwa nyuma ya pazia, akakisukuma mpaka nyuma ya magoti ya Roketi.

"Kaa, mwanangu. Miguu imevimba hiyo, unasimama kama nguzo." Akachukua beseni la maji yaliyopoa akaenda kuyamwaga, akarudi na ya moto, akaliweka karibu. Akashika ufagio, akaanza kufagia nywele zilizoanguka, anatafuna bigijii yake, kichwa kinakwenda na muziki. Hakuna aliyemtuma. Siku zote anafanya hivyo. Roketi alikuwa ameyaona mara nyingi mpaka akaacha kuyaona.

Amepokea salamu kama mama. Ametumika kama mtoto. Na hakuona ugomvi wowote kati ya hayo mawili.

"Wifi," Roketi akasema, "washa simu."

"Imewaka tangu zamani. Nimerekodi mpaka matusi."

Roketi akakaa kwenye kiti kirefu, akashika nywele za Mama Pacha pale alipoachia, na akasimulia huku anasuka, maana bila kusuka maneno hayatoki.

Akasema mlango wa chombo ulifunguka, hewa ikaingia, Nahodha akaisikia harufu ya udongo mpaka akashika ukuta. Nje kulikuwa na benchi. Kwenye benchi bibi kizee. Watu wa kazi walitaka kumshika bibi ainuke, akawasukuma mikono, akainuka mwenyewe polepole, kipande kipande. Wakatazamana. Nahodha alikuwa anatafuta mapengo ya meno ya mbele, na akayaona, ila haya yalikuwa ya uzee.

"Shikamoo, mama," bibi kizee akasema.

"Marahaba, mwanangu."

"Umechelewa."

"Kwangu haikuwa muda mrefu."

"Najua. Walinieleza. Nilichukia kwanza, halafu nikazeeka, nikaacha."

Hapo Mwalimu akaguna kidogo, kwa sauti ya mtu aliyekubali bila kutaka.

Roketi akaendelea. Akasema Nahodha hakusimama kungoja heshima nyingine. Alichukua mfuko wa bintiye akauvaa begani, akamshika kiwiko, akamketisha tena kwenye benchi, akainama akamfunga kamba ya kiatu iliyokuwa imelegea. Alipoinuka akaona nywele. Nyeupe, nyepesi, mbele zimechanwa vizuri na nyuma zimesokotana kama kiota. Nahodha hakuelewa. Binti akasema, mikono yangu haifiki tena huko nyuma, mama. Nachana ninapopafikia.

"Eeh, ni kweli," Mama Pacha akasema chini chini. "Mama yangu yuko hivyo."

Basi Nahodha akapanda juu ya benchi, akakaa kwenye egemeo, bintiye akiwa kati ya magoti yake, kama walivyokuwa wakikaa, ila sasa kichwa alichokishika kilikuwa kikubwa kuliko chake kwa miaka. Akaanza kufumua kile kiota taratibu. Akasema, nikivuta sana uniambie. Na binti akaanza kumsimulia yaliyotokea yote tangu ile siku, kuanzia jioni ya kwanza, na alikuwa na mengi, na nywele zilikuwa zimefungana sana, kwa hiyo hawakuwa na haraka.

Roketi akachovya ncha ya mwisho kwenye maji ya moto. Mvuke ukapanda.

"Mwisho," akasema. "Inuka."

Mama Pacha hakuinuka. "Na yule Mlinzi?"

"Amebaki kwenye chombo. Anaviuliza viti maswali."

"Afadhali." Akajishika kichwa, akajitazama kwenye kioo upande mmoja na upande mwingine. "Binti amemwamkia mama. Nilisema mimi."

"Na mama amemfunga kamba ya kiatu," Mwalimu akasema. "Anayefungwa kamba ndiye mkubwa."

"Anayefungwa kamba ni mtoto."

Wakaendelea hivyo mpaka mlangoni, na nje bado wanasikika. Lakini sasa walikuwa wanabishania mwisho mmoja, na Roketi, anapangusa mikono, alijisikia kama mtu aliyetua ndoo.

Wifi alichapa ule mwisho siku zake za mwisho kazini, akatoa kopi, akaitia waya ule wa kuzunguka ubavuni na karatasi ngumu ya bluu juu. Mwalimu aliipitia akasahihisha mwendo wa chombo sehemu mbili, na sehemu ya tatu akaandika pembeni, "hii haiwezekani ila iache." Wifi akahama. Kopi ikawekwa saluni, juu ya meza, karibu na draya inayopuliza.

Siku ya kwanza mteja kuisoma, Roketi alipata tabu. Alikuwa mwanamke asiyemjua, amekuja tu kuweka rola, akakaa chini ya draya akaifungua. Roketi alikuwa anasuka kichwa kingine, jicho lake liko huko. Yule mwanamke akafunua ukurasa. Akafunua mwingine. Kidogo akatabasamu, peke yake, akiwa ndani ya kelele za draya.

Roketi akataka sana kumuuliza amefika wapi. Akajizuia. Akaongeza mafuta, akagawa mstari mwingine.